Hesabu ya Kisukari: Kuzuia ni Rahisi Kuliko Kurudi



Juma hili tumeazimia kuzungumza juu ya maradhi ambayo hakuna mtaa wa Malindi, Mambrui, Takaungu wala Kilifi usioyajua, nayo ni kisukari, hasa kile cha aina ya pili kinachofungamana na unene. Mtu anapoambiwa na daktari kuwa ameshikwa na kisukari, akirudi nyumbani hukutana na kauli mbili zinazopingana. Ya kwanza ni kwamba maradhi haya hayana marejeo. Ukishayaingia, ni vidonge hadi kaburini. Ya pili ni ya muuza dawa wa sokoni, aapaye kwamba chupa tatu za mchanganyiko wake zitayang'oa maradhi pamoja na mizizi. Kauli zote mbili zina madhara. Ya kwanza humvunja mgonjwa moyo, na ya pili humtoa kwenye matibabu. Ukweli umelala kati yake, na sehemu kubwa ya ukweli huo imebainishwa na watu wa hisabati wakishirikiana na matabibu.

Msomaji asiingiwe na hofu kwa kusikia neno hisabati, kwani sisi watu wa pwani tumelelewa na hesabu za namna hii. Mvuvi wa Mayungu hahitaji kufika ufukweni ndipo ajue kama maji yamejaa au yamekupwa. Huitazama tarehe ya mwezi, akajua kama ni siku za bamvua au za maji mafu, na akajua kwamba maji ya leo yatachelewa kuliko ya jana kwa takriban dakika 50. Ameyachukua mambo machache anayoyaona, akayafunga kwa kanuni, na kanuni hiyo ikampa habari ya jambo kabla halijatokea. Wataalamu huita hesabu ya aina hii kielelezo cha hisabati.

Wala jambo hili si geni katika kaunti yetu. Tangu mwaka 1989, watafiti wa KEMRI na wenzao wa shirika la Wellcome wamekuwa wakifanya kazi mjini Kilifi, ubavuni mwa hospitali kuu, na tangu mwaka 2000 wameweka daftari la vizazi, vifo na uhamaji wa watu zaidi ya robo milioni wanaoishi katika eneo hilo. Walipochunguza virusi vya RSV, vinavyoshambulia mapafu ya watoto wachanga, waliwafuatilia watu wa nyumba nzima nzima, wakaona kwamba mara nyingi mtoto huambukizwa ndani ya nyumba, na kwamba ndugu zake wanaokwenda shule ndio walio wepesi kuuleta ugonjwa. Kutokana na habari kama hizo, wanahisabati hukokotoa ni nani achanjwe ili mtoto mchanga apate kinga. Katika kisukari, mtindo wa kufikiri ni ule ule, ila kinachohesabiwa si kijiji, bali ni mwili wa mtu mmoja.

Vitu vitatu na tuta moja

Mwilini mna vitu vitatu vinavyotegemeana. Cha kwanza ni sukari iliyomo katika damu. Cha pili ni insulini, homoni inayoifungulia sukari mlango iingie katika misuli na kuliamuru ini lipunguze kuitoa sukari yake. Cha tatu ni seli za beta, zilizomo ndani ya kongosho, ambazo ndizo zinazotengeneza insulini. Sukari na insulini hubadilika kwa dakika na saa. Seli za beta hubadilika polepole, kwa majuma na miezi. Mwaka 1979, Richard Bergman, Claudio Cobelli na wenzao walitoa milinganyo michache iliyoonyesha namna sukari na insulini zinavyovutana. Mwaka 2000, Brian Topp na wenzake wakaiongeza ile hesabu ya seli za beta, na hapo ndipo siri moja kubwa ilipofichuka.

Siri yenyewe ni hii. Sukari ikipanda kidogo, seli za beta huchochewa. Hufanya kazi zaidi na huongezeka, na sukari hurudi mahali pake. Lakini sukari ikipanda sana na kukaa juu kwa muda mrefu, huwa sumu kwa seli zile zile. Hulegea, na baadhi yake hufa. Zikipungua, insulini hupungua, na sukari huzidi kupanda na kuzidi kuziumiza. Kwa hivyo kitu kimoja huwa dawa katika kiwango kimoja na sumu katika kiwango kingine.

Tuchukue mfano wa mabonde mawili yaliyotenganishwa na tuta, na nazi imelala katika bonde la kwanza. Bonde hilo ndilo afya. Ukiisukuma nazi kidogo, kama vile siku ya harusi unapokula pilau na haluwa kuliko kawaida yako, itapanda ubavu wa bonde kisha itabingirika na kurudi chini yenyewe. Ukiisukuma hata ikavuka tuta, haitarudi tena yenyewe. Itateremka katika bonde la pili, na bonde hilo ndilo maradhi. Unene nao una kazi yake katika mfano huu. Shahamu inapojikusanya tumboni na katika ini, mwili huwa mzito kuisikia insulini, na hali hiyo hulifukia bonde la kwanza kidogo kidogo. Kadiri linavyofukiwa, ndivyo nazi inavyokaribia kimo cha tuta bila ya mwenyewe kuhisi lolote.

Mwaka 2016, wanasayansi watatu wa Marekani, Joon Ha, Leslie Satin na Arthur Sherman, waliiendeleza hesabu ya Topp na kuitumia kueleza namna kisukari kinavyoanza, kinavyozuilika na kinavyorudishwa nyuma. Natija yao kubwa ni kwamba kuzuia ni rahisi kuliko kurudi, na sababu yake ni lile tuta. Aliye bado katika bonde la kwanza hutosheka na juhudi ndogo ya kulizuia lisifukiwe. Aliyekwisha kuvuka atahitaji juhudi kubwa zaidi, kwa kuwa hana budi kuipandisha nazi kutoka chini ya bonde la pili hadi ipite tuta kwa mara nyingine. Hata hivyo, hesabu hiyo haikusema kwamba njia ya kurudi haipo.

Waliorudi

Mwaka 2008, Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle nchini Uingereza alitoa rai kwamba kisukari cha aina ya pili ni maradhi ya shahamu iliyokosa mahali pa kukaa. Ikilijaza ini, ini hutoa sukari kupita kiasi na kuisukuma shahamu ya ziada hadi kwenye kongosho, na seli za beta zikasita kufanya kazi. Ikiwa ndivyo, basi shahamu hiyo ikiondoka, mambo yageuke. Mwaka 2011 yeye na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 11 waliokula takriban kalori 600 kwa siku kwa majuma 8. Katika juma la kwanza tu, sukari yao ya asubuhi kabla ya kula ilirudi katika kiwango cha kawaida, na kufikia juma la nane kongosho lilikuwa limeanza tena kutoa insulini kama inavyopasa.

Kisha ukaja uchunguzi mkubwa zaidi, DiRECT, uliofanywa Scotland na kaskazini mwa Uingereza chini ya Taylor na Profesa Mike Lean wa Glasgow, na matokeo yake yakatangazwa Desemba 2017. Walihusishwa wagonjwa 306, ambao kisukari chao hakikuwa kimezidi miaka 6 na ambao hawakuwa wakitumia insulini. Nusu yao waliendelea na matibabu ya kawaida. Nusu ya pili walipewa, chini ya uangalizi wa wauguzi na madaktari, chakula maalumu cha kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, kisha wakarejeshwa taratibu katika chakula cha kawaida. Baada ya mwaka mmoja, katika kila watu 100 wa kundi la chakula, 46 maradhi yao yalikuwa yametulia bila ya dawa. Katika kundi la matibabu ya kawaida walikuwa 4.

Walipopangwa kwa kilo walizopunguza, ngazi ilionekana wazi. Miongoni mwa waliopunguza chini ya kilo 5, waliotulia walikuwa asilimia 7. Kilo 5 hadi 10, asilimia 34. Kilo 10 hadi 15, asilimia 57. Kilo 15 na zaidi, asilimia 86. Waliozidi uzito badala ya kupungua, hakutulia hata mmoja. Nazi ya kila mtu ina mahali pake katika bonde, lakini kadiri mzigo unavyopungua, ndivyo wengi wanavyolivuka tuta wakarudi.

Asije mtu akasema kwamba hayo ni ya Wazungu. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa Qatar uliowashirikisha watu wa asili ya Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini, wa umri wa miaka 18 hadi 50, ambao kisukari chao hakikuzidi miaka 3. Hao ni watu wa sinia na ukarimu kama sisi. Waliotulia baada ya mwaka walikuwa asilimia 61, ilhali katika matibabu ya kawaida walikuwa asilimia 12.

Neno kutulia tumelitumia kwa makusudi. Madaktari hawasemi kupona. Kwa makubaliano yao ya mwaka 2021, maradhi huhesabiwa kuwa yametulia pale kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi, kinapokuwa chini ya asilimia 6.5 kwa muda usiopungua miezi mitatu tangu mtu aachishwe dawa. Uzito ukirudi, bonde hufukiwa upya na maradhi hurudi. Katika DiRECT, wale 46 katika kila 100 walikuwa wamebaki 36 ulipotimia mwaka wa pili. Na muda una uzito wake, kwani seli zilizoumia kwa miaka mingi hazirudi kwa wepesi. Katika uchunguzi mwingine wa Newcastle, wagonjwa walipewa chakula cha kalori chache kwa majuma 8. Waliorudi katika sukari ya asubuhi isiyo ya kisukari walikuwa asilimia 87 ya wale ambao maradhi yao hayakuzidi miaka 4, na asilimia 50 ya wale waliokuwa wamepitisha miaka 8.

Kijiko cha sukari na pipa la maji

Sasa tuingie jikoni. Wengi wetu tumesikia kwamba ukipunguza kalori 7,700 umepunguza kilo moja, na kwamba hesabu hiyo huendelea hivyo hivyo bila ya kikomo. Mwanasayansi Kevin Hall wa Marekani na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba si kweli. Mwili ni kama pipa lenye tundu chini. Kila siku unalimiminia maji, na kila siku yanavuja. Maji yakiwa juu, yanavuja kwa kasi. Yakiwa chini, yanavuja polepole. Ukipunguza unachomimina, kimo cha maji kitashuka, lakini kadiri kinavyoshuka ndivyo na uvujaji unavyopungua, hata pipa litulie katika kimo kipya. Mwili mzito hutumia nguvu nyingi, na mwili uliopungua hutumia kidogo.

Kanuni waliyoitoa ni nyepesi kuikumbuka. Kwa mtu mzima mwenye uzito uliozidi, kila kalori 24 anazozipunguza kwa siku, na kudumu nazo, humpunguzia takriban kilo moja. Nusu yake katika mwaka wa kwanza, na karibu yote katika miaka mitatu. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina kalori 16. Mama anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu, akabakisha kijiko kimoja kimoja, ameondoa vijiko 6, yaani kalori 96. Gawanya kwa 24, utapata 4. Akidumu hivyo, na asiifidie sukari hiyo kwa mahamri ya ziada, atapungua kilo 2 hivi katika mwaka wa kwanza, na karibu kilo 4 ukitimia wa tatu. Hesabu ya zamani ingemuahidi zaidi ya kilo 13 katika miaka hiyo mitatu. Asipozipata angejilaumu na kuacha, ilhali hakufanya kosa lolote.

Kwa aliye bado upande wa kwanza wa tuta, kilo 4 si jambo dogo. Kwa aliyekwisha kuvuka, hazitoshi peke yake. Huyo anahitaji mpango mzito zaidi, nao haufanywi bila ya daktari.

Haya katika nyumba zetu

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima wa Kenya walikuwa wamepita uzito ufaao. Kwa wanaume asilimia 17.5, na kwa wanawake asilimia 38.5. Kati ya waliokutwa na kisukari, zaidi ya nusu hawakuwa wakijua. Nasi tuna mambo yetu yanayotuzidishia uzito wa jambo hili. Unene wa mke huhesabiwa kuwa ni dalili ya kutunzwa, na mwanamke akipungua majirani hunong'ona kwamba ana ugonjwa au ana dhiki ndani ya nyumba. Buibui ni stara, na kwa kuwa ni pana, halimwambii mvaaji kwamba ameongezeka. Sinia la pamoja ni baraka, lakini halionyeshi kila mmoja amekula kiasi gani.

Hatuna haja ya kuyaacha mema yetu. Utepe wa fundi cherehani watosha kupimia kiuno. Mwanamke akifikia sentimita 80, na mwanamume 94, ni wakati wa kwenda kupimwa sukari. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikiwa kati ya milimoli 6.1 na 6.9, mtu yuko karibu na tuta. Kikifika 7, na kikathibitishwa kwa kupimwa tena, amevuka. Wali wa nazi uwe robo ya sinia badala ya kulijaza, na nafasi iliyobaki ishikwe na mchicha, kachumbari, samaki wa kuchoma na kunde. Soda ya chupa ndogo ina karibu gramu 30 za sukari, zaidi ya vijiko saba. Maji hayana hata kimoja. Na chakula hicho kiwe cha nyumba nzima, kwani mama anayepikiwa peke yake chungu cha mgonjwa hawezi kudumu nacho. Mtume wetu (S.A.W.) alikwisha kutufundisha kuligawa tumbo kwa theluthi, ya chakula, ya kinywaji na ya pumzi, na huo ni mgao unaoanzia katika sahani ya kila mmoja.

Kuhusu Ramadhani, pipa halijali ni saa ngapi maji yamemiminwa. Huhesabu jumla ya mchana na usiku. Anayefunga kisha akafuturu kwa kaimati za shira, tambi za sukari, sambusa na viazi vya nazi katika saa moja, huenda akaingia Shawwal akiwa mzito kuliko Shaaban. Na aliye na dawa za sukari amuone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama ili vipimo vya dawa vipangwe upya. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, afungue papo hapo. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Sura ya Al-Baqara, na kuikubali si udhaifu wa imani.

Yapo pia ya kutahadhari. Mgonjwa asiache dawa wala insulini kwa uamuzi wake mwenyewe. Anayepunguza chakula huku akimeza dawa kwa kiasi kile kile aweza kuanguka kwa upungufu wa sukari. Mja mzito na anayenyonyesha wasijiingize katika chakula cha kalori chache. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana uhai bila ya insulini, na hesabu tuliyoieleza haimhusu. Wala haimhusu kila mtu mzima: watafiti wa Uganda wameonyesha kwamba si wachache wanaougua kisukari huko bila ya kuwa wanene, na mwembamba akiambiwa apungue atadhurika. Kielelezo cha hisabati ni kama hesabu ya maji ya mvuvi. Humwambia bamvua ni lini, lakini haimwondolei wajibu wa kutazama upepo kabla ya kutweka tanga.

Kwa hivyo, aliyepimwa mwaka huu na kuambiwa ana kisukari asichukue ile kauli ya vidonge hadi kaburini kuwa ni hukumu, wala asikimbilie chupa za sokoni. Amuulize daktari wake maswali mawili: je, kisukari changu ni cha namna inayoweza kutulia kwa kupunguza uzito, na je, ni kilo ngapi nilenge, na dawa zangu zitapunguzwaje njiani? Miaka ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa, na kila mwaka unaopita huongeza urefu wa tuta. Na ambaye hajapimwa, akapimwe juma hili, angali bado upande ambao juhudi ya vijiko sita yafaa kitu.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie siha katika miili yetu na kiasi katika vyakula vyetu. Amin.